Mjane amenyang'anywa shamba: njia nne za kanisa na jinsi ya kuchagua

Matanga yameanuliwa, wageni wameondoka, na wiki ya tatu shemeji anakuja na kamba kupima shamba. Anamwambia mjane kwamba ardhi ni ya ukoo, yeye ni mtu wa kuja, na akitaka kubaki basi abaki na nyumba tu mpaka watoto wakue. Jumamosi mjane anaileta habari hiyo kwenye jumuiya. Mmoja anasema mchungaji amwite shemeji, maana naye ni msharika. Wa pili anataka mahakama. Wa tatu anasema jambo hili litangazwe kanisani kila mtu asikie. Wa nne ananyamaza, na kesho yake anapeleka debe la mahindi. Kila mmoja ana andiko lake.

Ulinganisho huu ni wa watu hao wanne. Ungeweza kuandikwa kuhusu dhuluma kwa jumla, lakini dhuluma kwa jumla haina anwani wala tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Shamba la mjane lina vyote viwili, na Biblia yenyewe hurudi kwa mjane kila inapopima haki ya taifa. Sheria zinazotajwa hapa ni za Tanzania Bara. Mahali pamoja tutavuka mpaka kwenda Kenya.

Maombi hayakuwekwa kama njia ya tano, kwa sababu yanapita ndani ya zote nne. Katika Luka 18 Yesu alitaka kufundisha kuomba bila kukata tamaa, na mfano alioutoa ni wa mjane anayemwendea kadhi tena na tena kudai haki yake. Hakuona kwamba magoti yanashindana na miguu.

Mtakavyopima

Swali la kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko mengine: nani atalipa gharama ya chaguo lenu? Mchungaji akikosea, atapata lawama. Mjane ndiye atakayelala usiku ule nyumba ya tatu kutoka kwa shemeji. Kwa hiyo hakuna njia inayoanza kabla yeye mwenyewe hajaielewa na kuikubali, akiwa peke yake na watu anaowaamini, mbali na macho ya ukoo.

La pili ni muda, na hapa kuna saa mbili. Saa ya msimu ni fupi: atakayepanda masika haya atakuwa na mazao ya kuonyesha, na mazao hugeuka kuwa ushahidi wa nani anayelimiliki shamba. Saa ya sheria ni ndefu kidogo, ila ikigonga haisikii kilio.

La tatu ni ushahidi mlio nao sasa. La nne ni fedha na watu. La tano ni kitakachobaki baadaye, kwa sababu watoto wa mjane ni damu ya ukoo ule ule na watahitaji baba wadogo siku ya harusi na siku ya msiba.

Njia ya kwanza: upatanishi wa ndani

*Msingi wake.* Mathayo 18:15-17 inajulikana: mwendee ndugu yako ninyi wawili tu, kisha chukua mmoja au wawili, kisha liambie kanisa. Ila mfano unaofanana zaidi na shamba uko Nehemia 5. Watu maskini walilia kwamba ndugu zao Wayahudi wamechukua mashamba na mizabibu yao. Nehemia alikasirika, akatafakari moyoni, akawakemea wakuu, akaitisha mkutano mkubwa, akadai mashamba yarudishwe siku ile ile, kisha akawaita makuhani na kuwaapisha waliotoa ahadi. Upatanishi wa Nehemia ulikuwa na mali inayorudi, tarehe, na kiapo mbele ya mashahidi.

*Hatua.* Msikilizeni mjane kwanza, akiwa na mwanamke mwenzake chumbani, na mwandike: shamba liko kitongoji gani, linapakana na nani pande zote nne, lilipatikanaje na mwaka gani, nani aliotesha migomba, nani alichimba kisima. Tembeeni shambani kabla halijalimwa upya. Pigeni picha za mipaka, za mazao ya kudumu na za makaburi kama yapo. Kisha chagueni wapatanishi watatu. Asiwepo wa ukoo ule, mmoja angalau awe mwanamke, na mmoja awe anajua sheria ya ardhi. Msaidizi wa kisheria wa kata anatosha. Wamekuwa wakitambuliwa kisheria tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Upande wa pili usikilizwe kwa uzito ule ule, faraghani. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumchunguza. Mara nyingine shemeji ana hoja ya kweli: alimkopesha marehemu, au sehemu ya shamba ilikuwa yake kwa muda mrefu. Ndipo wakae pamoja. Makubaliano yaandikwe: mipaka, tarehe ya kuachia, mazao yaliyovunwa yatalipwaje. Wote watie sahihi au dole gumba, na mashahidi wa pande zote mbili, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wawepo. Nakala tatu: ya mjane, ya shemeji, ya ofisi ya usharika au parokia.

*Muda na gharama.* Jiwekeeni siku 30, au mwanzo wa kupanda, kutegemea kipi kitatangulia. Gharama ni nauli na chai. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ikifanikiwa ndiyo pekee inayowaacha watoto na ukoo wao.

*Inapoharibika.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makanisa mengi huanzia hapa na mengi hukwama hapa.

Kosa la kwanza ni kumtuma mjane aende peke yake kwa shemeji kwa sababu andiko linasema "ninyi wawili tu". Andiko linazungumza juu ya ndugu waliosimama mahali pamoja. Kama mmoja ana panga, ana ukoo nyuma yake, au alishawahi kumpiga, hatua ya kwanza hiyo inarukwa bila hofu ya kuvunja Neno.

La pili ni msamaha unaotangulia haki. Mjane anaambiwa asamehe saba mara sabini kabla hata shemeji hajakiri kwamba amechukua kitu. Akisamehe, wazee wanashukuru Mungu na kufunga kikao, shamba likiwa bado mkononi mwa aliyelichukua. Zakayo hakuishia kwenye machozi: alisema atakayekuwa amemdhulumu atamrudishia mara nne, na hapo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Msamaha ni wa mjane kutoa wakati wake ukifika. Kikao hakina mamlaka ya kuutoa kwa niaba yake.

La tatu ni gumu kulisema lakini lazima lisemwe. Shemeji anaweza kuwa mtoaji mkubwa, mzee wa kanisa, au mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kikao kikikaliwa na watu wanaomtegemea, kitafuata taratibu zote na bado kitadhulumu. Someni 1 Wafalme 21 kwa makini: Nabothi hakuvamiwa usiku. Mfungo ulitangazwa, wazee wa mji walikaa, mashahidi wawili waliletwa, ibada na sheria vilionekana kufuatwa, na mwisho wake mtu aliuawa na shamba la mizabibu likachukuliwa.

*Inamfaa nani.* Pande zote mbili ziwe ni waumini au angalau zinaheshimu kanisa, kusiwe na vitisho vya mwili, shamba liwe bado halijauzwa, na wapatanishi wawe hawana deni kwa yeyote.

Njia ya pili: baraza na mahakama

*Msingi wake.* Paulo alipopigwa Filipi bila hukumu, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Aliwataka mahakimu waje wenyewe kumtoa, kwa sababu yeye ni raia wa Rumi (Matendo 16). Baadaye alikata rufaa kwa Kaisari. Wanaopinga njia hii wanaishika 1 Wakorintho 6, na wana haki ya kusikilizwa: Paulo anawaaibisha waumini wanaoshtakiana mbele ya wasioamini, kisha anauliza kwa nini wasikubali afadhali kudhulumiwa. Lakini angalieni anamwuliza nani. Anamwuliza mwenye madai juu ya madai yake mwenyewe. Mtu wa tatu, mwenye shamba lake salama, akiligeuza swali hilo kuwa amri kwa mjane mwenye watoto wanne, amelitoa mahali pake. Na katika sura ile ile Paulo anawalaumu Wakorintho kwamba hawana hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua. Kama kanisa lenu halijatoa mtu huyo, lawama haiwezi kumwendea mjane.

*Hatua.* Kwanza tambueni kama mnalo shauri la mirathi au la ardhi, kwa sababu kuchanganya haya mawili ndiko kunakowapotezea wajane wengi miaka. Shamba lilikuwa la marehemu na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Basi anzeni na mirathi. Mjane akikimbilia baraza la ardhi kudai mali ya marehemu kwa jina lake tu, mwenzake atasema hana sifa ya kushtaki, na shauri litaondolewa kabla halijasikilizwa. Mnahitaji cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha ndoa au ushahidi wa ndoa, na orodha ya mali na warithi. Sheria ipi itatumika kwa Mkristo hutegemea namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia, hivyo ushahidi wa ndoa ya kanisani na maisha ya kanisa una uzito; mchungaji aandae kumbukumbu hizo mapema, na mwulizeni msaidizi wa kisheria shauri lenu lifunguliwe mahakama gani.

Kama ukoo umeshamwomba shemeji awe msimamizi, mjane aweke pingamizi kabla ya uteuzi. Akichelewa, anaweza kuomba uteuzi utenguliwe. Kumbukeni pia kwamba msimamizi hageuki kuwa mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kuwasilisha hesabu mahakamani. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Shemeji wengi hawajui hili. Wajane wengi hawajui kwamba wanaweza kulalamika akilikiuka.

Kama shamba lilikuwa la mjane mwenyewe, au msimamizi yupo na amevamiwa, hapo ni ardhi. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linapatanisha, na lina siku 30. Ikishindikana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkishindwa hapo, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Madai ya kurudishiwa ardhi hufa baada ya miaka 12.

Hoja mbili ziwe kwenye karatasi ya anayemsaidia mjane. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote kwa kadiri inavyomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Na nyumba ya ndoa ina ulinzi katika Sheria ya Ndoa ya 1971: mume hakuweza kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mke, kwa hiyo "mkataba" wa mauzo unaoibuka baada ya mazishi ukaguliwe kwa jicho kali, pamoja na kuuliza kama halmashauri ya kijiji iliidhinisha.

Kwa upande wa Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinafanya kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa la jinai. Mjane wa huko anaweza kuanzia kwa chifu na polisi, akiwa na kifungu hicho mkononi.

*Muda na gharama.* Miezi ikienda vizuri, miaka isipoenda. Msaada wa kisheria wa bure upo: WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamefanya kazi hii kwa muda mrefu. Kinachomaliza mjane ni nauli, siku za kazi zinazopotea, na mashahidi wanaochoka. Hapo ndipo jumuiya inaingia: mtu mmoja ashike kalenda ya shauri, wawili wamsindikize kila tarehe, mwingine abaki na watoto. Shauri linaweza kufutwa kwa sababu mdai hakufika, na mara nyingi hakufika kwa kukosa nauli.

*Inapoharibika.* Sheria yenyewe ina ufa. Tamko la Sheria za Kimila la 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga. Mahakama Kuu mwaka 2006 iliona mila hiyo inabagua lakini haikuitengua, na rufaa yao ikaja kutupwa kwa kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilisema Tanzania imekiuka haki zao. Mtu asiwaahidi wajane kwamba mahakama ni mteremko. Lakini pia mtu asiwaambie haina kitu: mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Ephrahim na Pastory, iliona mila ya Kihaya ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo inapingana na Katiba.

Na baada ya hukumu bado kuna utekelezaji. Mjane mwenye hukumu asiyeomba ikaziwe ana karatasi tu.

*Inamfaa nani.* Shamba liko mbioni kuuzwa au limeuzwa, upatanishi umekataliwa, shemeji ameghushi nyaraka, au anayedhulumu ni mtu mkubwa asiyeitika wito wa kanisa.

Njia ya tatu: kusema hadharani

*Msingi wake.* Mithali 31:8-9, na Amosi, na Isaya 1:17: "takeni hukumu na haki, wasaidieni walioonewa, mpatieni yatima haki yake, mteteeni mjane." Kwa mambo ya urithi kuna Hesabu 27, ambayo inastahili kuhubiriwa zaidi. Binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wakasema wazi kwamba sheria inawanyima urithi wa baba yao. Bwana akasema wamenena haki, na sheria ikabadilishwa kwa wote waliofuata.

*Hatua.* Ufunguo uko katika hadithi hiyo: walisema mbele ya wenye uwezo wa kubadilisha, na walidai jambo moja. Kabla ya kusema, kusanyeni visa kadhaa vya eneo lenu, mvihakiki, mwondoe majina. Andikeni barua yenye dai moja mahususi, kwa mfano mtendaji asishuhudie mauzo ya ardhi ya marehemu bila barua ya msimamizi kutoka mahakamani. Ipelekeni kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na mtoe siku 21. Wakikaa kimya, ndipo isomwe makanisani. Maandamano yanahitaji polisi wataarifiwe saa 48 kabla. Na mkiandika mtandaoni, kumbukeni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la taarifa za uongo: msichoweza kukithibitisha, msikiandike.

*Muda na gharama.* Ni polepole kwa mjane mmoja, na mavuno yake huwa ya watu wengi. Maaskofu Wakatoliki wa Malawi waliandika barua ya kichungaji iliyosomwa makanisani Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992, nchi ikiwa bado chini ya chama kimoja. Kwa kuwa ilisomwa siku moja kila mahali, serikali haikupata nafasi ya kuizima kabla haijasikika. Maaskofu walihojiwa na polisi, na tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi. Gharama nayo inaweza kuwa ya damu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa tarehe 16 Februari 1977, siku chache baada ya maaskofu wa kanisa lake kumwandikia Idi Amin.

*Inapoharibika.* Kumtaja mjane kanisani bila ridhaa yake ni kumvua nguo mbele ya watu. Shemeji akiaibishwa kabla ya kuonywa, mlango wa upatanishi umefungwa na misumari. Na shauri likiwa mahakamani, mahubiri juu ya shauri hilo hilo humpa wakili wa upande wa pili silaha.

*Inamfaa nani.* Dhuluma inayojirudia kijiji kizima, au inayotendwa na ofisi, ambapo kumsaidia mmoja ni kumwacha wa kesho aanguke shimo lile lile.

Njia ya nne: kubeba mzigo pamoja naye

*Msingi wake.* Yakobo 1:27, bila shaka. Lakini Matendo 6 inaongeza jambo. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuishia kutoa chakula zaidi; walibadilisha utaratibu, wakaweka watu saba wenye sifa njema kuusimamia.

*Hatua.* Hesabuni mahitaji badala ya kukadiria kwa huruma. Kaya ya watu watano inakula kama kilo 50 za mahindi kwa mwezi, yaani madebe mawili na nusu hadi matatu. Ahidini hadi mavuno yajayo, kisha timizeni. Ahadi ya wiki tatu ikikatika humwacha pabaya kuliko mwanzo. Mbegu ya mahindi ni kilo 8 hadi 10 kwa ekari. Watu kumi na tano wenye majembe wakienda Jumamosi moja wanaweza kumaliza ekari moja, na ekari iliyolimwa na jumuiya nzima mchana kweupe ni ushahidi mbele ya kijiji. Fedha ziwe na daftari na watunzaji wawili wasio ndugu.

Kuwepo kwenyewe ni msaada. Machi 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa Kenya, pamoja na Wangari Maathai, walitawanywa kwa nguvu na polisi Uhuru Park, Nairobi. Walikimbilia kanisa kuu la Kianglikana la All Saints, na wakaendelea na kampeni yao wakiwa humo hadi mwanzoni mwa 1993. Kanisa lilitoa sehemu ya kulala.

*Muda na gharama.* Inaanza leo, haihitaji kibali cha mtu. Kwa miezi sita ni mzigo wa kweli kwa jumuiya ndogo, kwa hiyo jumuiya mbili au tatu ziungane.

*Inapoharibika.* Hatari kubwa ni kumhamisha mjane "kwa usalama" bila kufikiri. Akitoka shambani, ukoo utasema amelitelekeza, na shemeji ataingia. Ikibidi ahame kwa sababu ya vitisho, aripoti polisi, achukue namba ya taarifa, amwandikie mtendaji kwamba ametoka kwa kuogopa, na watu wa jumuiya waendelee kulilima kwa jina lake kama ni salama. Hatari ya pili ni ya kanisa kujisikia limemaliza kazi. Chakula chenu kinaweza kumfanya aliyechukua shamba alale usingizi mzuri, kwa sababu hakuna tena anayelia.

*Inamfaa nani.* Kila mjane, kwa muda. Peke yake inatosha pale tu ambapo yeye mwenyewe hataki jambo jingine.

Zinazopatana na zinazouana

Njia ya nne inakaa na yoyote. Ya kwanza na ya pili zinakaa pamoja ikiwa mtaanza kwa kulinda: pingamizi la mirathi liwekwe au zuio la kuuza liombwe, kisha mkae mzungumze. Shemeji anayejua hawezi kuuza husikiliza tofauti na yule anayesubiri mnunuzi wa Alhamisi. Na mkipatana wakati shauri lipo, makubaliano yapelekwe yaandikwe kuwa hukumu. Ya tatu na ya kwanza, kwa kisa kile kile na kwa wiki ile ile, huuana.

Kulingana na hali yenu

Shamba bado halijaguswa, kuna maneno tu, na shemeji ni msharika: anzeni na upatanishi, mkiwa na tarehe ya mwisho. Wakati huo huo kusanyeni nyaraka.

Mnunuzi ameonekana shambani, au kikao cha ukoo kimeitishwa ghafla bila mjane: nendeni kwa msaidizi wa kisheria kesho asubuhi, muweke pingamizi, na mwandikieni mtendaji wa kijiji barua ya kumjulisha kwamba mali ya marehemu haijagawiwa.

Kuna kipigo au tishio la kuua: usalama kwanza, na dawati la jinsia la polisi. Upatanishi usitajwe kabisa mpaka yeye mwenyewe aulize.

Aliyechukua ni kiongozi wa kanisa lenu: wapatanishi watoke nje, ngazi ya juu ya kanisa iarifiwe kwa maandishi, na yeye akae pembeni na nafasi yake hadi jambo liishe. Kama hilo halitendeki ndani ya mwezi, msimzuie mjane kwenda mahakamani kwa jina la umoja wa kanisa.

Mmegundua wajane watano kijiji kimoja, mtendaji yule yule kwenye kila karatasi: hapo barua ya hadharani ina kazi, na kila mjane aendelee na shauri lake kando.

Mjane amechoka na anasema basi, aacheni. Huyu ndiye anayewachanganya watu wema. Msimsukume, wala msimwambie amemwangusha Mungu. Endeleeni na chakula na ada za watoto. Ila mwombeni ruhusa ya kutunza bahasha moja katika kabati la ofisi ya parokia au usharika: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, picha za mipaka, majina ya mashahidi na simu zao, na tarehe ambayo shamba lilichukuliwa ikiwa imeandikwa juu ya bahasha kwa kalamu nzito. Miaka 12 inahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, au hata tangu siku ya kifo kama shamba lilikuwa la marehemu, na mtoto wake wa kwanza leo ana miaka tisa.